Hatua Themanini za Rulon

Kila mwaka huja mtu kugundua makorongo yetu. Huja na kofia mpya, hula kwenye mgahawa wa LaRue, huuliza njia, huoneshwa njia, hupita kwenye njia ileile niliyoisawazisha mimi kwa greda wiki iliyotangulia, kisha hurudi kwao akiwa amegundua. Nimefanya kazi kwenye barabara za kaunti hii, huku kusini mwa Utah, miaka ishirini na saba na sijagundua kitu. Nadhani ni kwa sababu nakaa hapa.

Wa mwaka huu aliitwa Colby Renshaw, mtu wa California, na alikuja na ndege yake mwenyewe: viti vinne vya ngozi, kamera chini ya kila bawa, na friji ndogo ya maji yenye mapovu. Alitua kwenye kiwanja chetu cha Helaman, ambacho ni kipande cha lami na mfuko wa upepo uliochanika, akachukua gari la kiwanja. Gari hilo ni la rubani yeyote anayetua. Ufunguo unakaa kwenye kisahani cha majivu, unakwenda unakokwenda, unalirudisha tangi likiwa limejaa. Yeye alilirudisha linakohoa. Kwa hiyo kabla hajanifungulia mdomo nilikuwa nimeshamjua.

"Wewe ndiye Nedra?" aliniuliza, mimi nikiwa juu ya greda na injini inanguruma. Nedra tu, kama vile tumelelewa pamoja.

"Kama ni habari ya mashimo, waandikie kaunti."

"Si mashimo. Nimeambiwa hakuna anayeijua nchi hii kama wewe." Akapanda ngazi ya greda bila kukaribishwa, akanisogezea simu usoni. "Hii hapa. Umeshaiona?"

Ilikuwa meza, ndivyo tunavyoiita milima yetu iliyokatwa vichwa ikabaki bapa. Ilisimama peke yake katikati ya makorongo mawili, kuta zake nyekundu zikiwa zimeshuka wima pande zote. Niliijua kabla hajamaliza kuigeuza simu.

"Nimeigundua Jumanne," akasema. "Haina jina kwenye ramani yoyote. Nataka kuipa jina la Biskuti."

"Biskuti nani?"

"Mbwa wangu. Alikufa Februari."

Machozi yakamlengalenga, mwanamume wa miaka arobaini mwenye ndege. Nikazima injini ili nione vizuri.

Alikuwa na fomu ya bodi inayoshughulika na majina ya milima na mito. Mwombaji anatakiwa kupata wenyeji wawili, waliokaa mahali hapo zaidi ya miaka thelathini, watie sahihi kwamba hapana jina linalotumiwa na watu. Alinipa fomu na kalamu pamoja, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukataliwa kitu.

Sasa, jina lipo. Helaman nzima inalijua. Panaitwa Kosa la Rulon, na Rulon alikuwa baba yangu.

Mwaka 1957 huku kulikuwa na wazimu wa madini ya urani. Kila mwenye sururu alijiona tajiri wa kesho, na baba, kijana wa miaka ishirini na minne, aliwapelekea wachimbaji mizigo kwa ndege ya kampuni moja iliyokufa zamani. Kule kuna meza mbili zinazofanana. Moja ilikuwa na kiwanja na wachimbaji. Baba akatua kwenye nyingine. Kutua aliweza, maana ndege hutua hata padogo. Kuruka ndiko kunakotaka urefu, hasa kiangazi, joto linapoifanya hewa kuwa nyepesi. Alikaa juu siku tisa, mpaka wanaume wa Helaman walipopanda kwa kamba kwenye ufa mmoja wa mwamba wakamteremsha. Ndege ikafunguliwa ikashushwa vipandevipande. Kampuni ikamfukuza. Hakurusha ndege tena maisha yake yote. Alifagia jengo la kanisa na kupanga viti, na wale waliomwita Ndugu Rulon mbele ya Askofu ndio hao hao waliomwiga nje, wamekaa juu ya jiwe, wanalia.

Maana hadithi ya mji ilikuwa hiyo, kwamba alikaa juu ya jiwe siku tisa akilia. Nani alimwona? Hakuna. Helaman haijawahi kuhitaji shahidi. Hata leo dereva akizamisha lori mchangani, wenzake husema redioni, "Amefanya Rulon." Binamu yangu Delmar, ambaye baba yake ndiye aliyeongoza ule uokoaji, anaitunza hadithi hiyo kama mali ya urithi. Huisimulia harusini. Aliisimulia kwenye msiba wa baba mwenyewe, akiwa na sahani ya viazi vya jibini mkononi, na watu wakacheka kwa adabu.

Na mimi? Nilijifunza mapema kwamba ukitangulia kujicheka, wengine hukosa kazi. Shuleni niliongeza kwamba alikula mijusi. Nilipoajiriwa barabarani na kupewa kazi ya vibao, nilitengeneza kimoja ambacho hakuna aliyeniagiza: KOSA LA RULON, MAILI 31. Nikakisimika kwa zege kwenye njia panda, njia ya kwenda jaani. Baba alipita hapo na takataka zake kila Jumamosi kwa miaka sita, mpaka alipokufa. Hakusema neno. Watu walinipigapiga mgongoni, wakasema Nedra ana moyo.

Nyumbani alisema jambo moja tu kuhusu siku zile, na alilisema mara nyingi, hasa tukiwa tunakula. "Nilibakiza hatua themanini." Tulidhani ni hatua za kutembea, za kufika sijui wapi. Mama alikuwa akimsogezea mkate. Sisi watoto tulikuwa tukikanyagana miguu kwa kucheka.

Kwa hiyo mtu anapokuja kutaka kulifuta jina hilo aweke la mbwa, unadhani nitamjibu nini? Mbwa ni afadhali. Nilitaka kufa bila kulisikia tena.

"Nitatia sahihi," nikasema.

"Kwanza uje uione kutoka juu. Fomu inataka shahidi awe amepaona kwa macho yake."

Uongo. Alitaka kunipiga picha mwenyeji nikiwa nashangaa. Lakini kwa kulifuta lile jina ningepanda hata ungo. Nikaikunja fomu nikaiweka mfukoni, nikapanda ndege ndogo kwa mara ya kwanza maishani, mimi binti Rulon, katika umri wa miaka hamsini na minane.

Tuliondoka saa kumi na moja jioni, kwa sababu Colby alitaka mwanga mzuri wa picha. Marubani wa huku husafiri alfajiri, hewa ikiwa bado nzito. Nilimwambia. Akasema ndege yake ina nguvu. Kwa barabara, kufika chini ya meza ile ni saa nne ukijua unachofanya. Sisi tulifika kwa dakika kumi na nne. Nilitazama chini nikaona barabara zangu zote, miaka ishirini na saba ya mgongo wangu, nazo zilikuwa mikwaruzo tu. Sikufurahi.

Colby alikuwa akiongea na kamera muda wote. Aliongea kuhusu upweke. Aliongea kuhusu ukimya, bila kunyamaza hata mara moja.

"Unajisikiaje, Nedra?"

"Kichefuchefu."

"Namaanisha moyoni."

"Na mimi namaanisha tumboni. Zunguka pole pole."

Tulikuwa tumeizunguka meza mara mbili na kuanza kuiacha, ndipo oili ilipoanza kutokea kwenye kioo cha mbele. Mstari mmoja mwembamba wa kahawia, kisha mitatu. Colby akanyamaza katikati ya sentensi. Siku ile yote, huo ndio wakati pekee aliponipendeza.

"Tunahitaji kutua," akasema. "Sasa hivi. Barabara iliyo karibu iko wapi?"

"Nyuma ya hilo korongo. Dakika saba."

"Hatuna saba."

Chini yetu kulikuwa na majabali na vivuli. Palipokuwa bapa ni mahali pamoja tu, na ilibidi nipataje kwa mdomo wangu.

"Tua Kosa la Rulon."

"Wapi?"

"Kwenye mbwa wako."

"Pale ni mawe matupu. Nimepapiga picha mara kumi."

Alipapiga picha saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakati hata ng'ombe hana kivuli. Sasa jua lilikuwa limeinama. Na juu ya meza ile niliona vivuli vya mawe vimepangwa mistari miwili, imenyooka, inakwenda sambamba kuelekea ukingoni. Katika nchi yangu hakuna kinachonyooka ila kilichonyooshwa na mtu. Hilo nalijua, ndilo linalonilipa mshahara.

"Katikati ya ile mistari," nikasema. "Pameparuliwa pale. Tua katikati."

Rubani wa huku hupita kwanza juu ya kiwanja, chini chini, aangalie ng'ombe na mashimo, ndipo arudi kutua. Sisi hatukuwa na nafasi ya adabu hiyo. Colby alizima injini, akatelemka akiwa anachungulia kando ya ule uchafu kwenye kioo, akagonga ardhi mara mbili, akashika breki kwa miguu yote. Mawe yakapita kulia na kushoto, kulia na kushoto, na hakuna hata moja lililotugusa. Tukasimama. Ukafika ule ukimya aliokuwa akiuhubiri, naye hakuupiga picha.

"Nani amejenga hiki?" akauliza baadaye.

Niliteremka nikaanza kutembea.

Nilitembea kutoka mwanzo wa mistari hadi mwisho, nikihesabu. Hatua mia tatu na ishirini. Upana wa kutosha mabawa. Kila jiwe kubwa kuliko kichwa cha mtu lilikuwa limeviringishwa kando, kila kichaka kimeng'olewa na shina lake, kila shimo limejazwa kokoto na kukanyagwa. Mimi ni mtu wa kazi hiyo. Niliona jinsi alivyoanza vibaya siku ya kwanza, akibeba mawe kwa haraka na kuyatupa ovyo, na jinsi alivyopata akili siku ya pili au ya tatu, akaanza kuyaviringisha kufuata mteremko ili ardhi imsaidie. Hiyo si kazi ya mtu aliyekaa juu ya jiwe.

Mwishoni, mistari ilipokatika, kulikuwa na jiwe kubwa limeinuliwa upande mmoja, halijageuka. Chini yake ulikuwa umechomekwa mtaimbo. Umeshika kutu nyekundu, na kwenye kichwa chake kulikuwa na alama ya kampuni ile iliyokufa; ulikuwa mmoja wa mizigo ya wachimbaji. Mtu aliuchomeka, akakandamiza, jiwe likainuka, na hapo hapo akaitwa aache. Mbele ya jiwe hilo hadi ukingoni kulikuwa na vichaka na mawe yasiyoguswa. Nikahesabu na hapo pia, ingawa nilijua itakuwa ngapi.

Nilikaa chini. Nililia, na sioni haya kusema, maana hatimaye mtu wa ukoo wetu alilia kweli juu ya jiwe lile.

Aliyekuwa kwenye redio ya kaunti jioni ile ni Delmar. Nani mwingine?

"Helaman, huyu ni Nedra. Tumetua salama, ndege imeharibika."

"Mko wapi?"

"Unapajua."

Kikaja kicheko, kirefu, cha mtu anayetafuta pa kukaa. "Dada yangu. Niambie hunitanii. Niambie nife kwa raha."

"Lete oili, na bomba la oili, na maji, na kamba. Na ufe ukishaleta."

Alifika asubuhi, akapanda kwenye ufa kwa kamba, miaka sitini na mitatu, analalamika kila hatua. Alikuja na sandwichi za mke wake na mizaha aliyoitunga njiani saa nne nzima. Aliuliza kama tumeshaonja mijusi. Colby akacheka kwa heshima, hakuelewa. Mimi sikucheka, na Delmar akanitazama mara mbili, kwa sababu mimi hucheka kila mara.

Bomba lilifungwa, injini ikawaka. Colby akatoa kompyuta yake ndogo, akaingiza joto, kimo, uzito, akapima kiwanja. Akakunja uso.

"Tumepungukiwa," akasema. "Hatua sitini hivi."

"Basi teremkeni," Delmar akasema. "Muite helikopta iinyanyue. Baba yangu alishamteremsha mmoja wenu hapa, mimi nitateremsha wa pili. Litakuwa Kosa la Nedra."

"Siteremki."

"Utafanya nini huku?"

"Nitamalizia. Zimebaki themanini."

"Sitini," Colby akasema, akinionesha kioo.

"Themanini. Aliyepima alikuwa na muda mwingi kuliko wewe."

Delmar akautazama ule mtaimbo chini ya jiwe, asitanie. Nilidhani ameishiwa.

Ilituchukua siku sita. Kama kuna kibali cha kugusa mawe yale, sikukiomba. Nilianza na lile jiwe la baba. Nilikandamiza mtaimbo wake wenyewe, haukupinda, na jiwe likageuka kwa urahisi ulionitia hasira. Miaka sitini na miwili jiwe limengoja nusu dakika. Colby alifanya kazi karibu yangu akiwa amevaa glavu za kuendeshea ndege. Siku ya kwanza mikono ilimvimba, siku ya pili ikapasuka, siku ya tatu akaacha kuongea na kamera. Sitasema nilimpenda. Lakini alikuwa akibeba, na mtu anayebeba huwa na kelele chache.

Delmar alituletea koleo, na maji kila siku ya pili. Alikaa juu ya jiwe akitazama kama mkaguzi, asitie mkono. "Hilo upeleke kushoto," alikuwa akisema. "Hapana, kushoto kwako." Mizaha ilikuwa ikipungua. Nilidhani ni joto.

Jioni ya siku ya tano tulifika hatua ya sitini. Colby akatupa koleo.

"Basi. Inatosha."

"Zimebaki ishirini."

"Nedra, hii ni hesabu. Kompyuta imezingatia kila kitu."

"Kompyuta yako iliwahi kulala hapa siku tisa?"

"Baba yako alikuwa na ndege tofauti kabisa."

"Na joto lilikuwa tofauti, na upepo, na mwaka. Chukua koleo."

Akachukua. Alinung'unika mpaka giza, na kesho yake akanung'unika tena, lakini zile ishirini tulizimaliza.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilimng'olea viti vitatu, kamera zote na ile friji, ndege iwe nyepesi, aruke peke yake. Aliitazama friji kwa huzuni kubwa kuliko alivyonitazama mimi.

"Kuhusu Biskuti," akasema, kichwa kikiwa nje ya dirisha. "Nadhani fomu hiyo sasa..."

"Biskuti mtafutie jiwe lingine. Lipo moja nyuma ya jaa, halina jina. Linafanana naye."

"Hujawahi kumwona."

"Nimemwona mwenyewe wake. Nenda, hewa bado nzito."

Nilikwenda kusimama pale baba alipoishia. Delmar, aliyepanda alfajiri ile kuja kutazama, akasimama upande wa pili. Ndege ilitoka mwisho wa kule ikiunguruma, mkia ukainuka, ikaja moja kwa moja katikati ya mistari, ikatupita na magurudumu bado yako chini. Nikaanza kuhesabu hatua za kiwanja changu, nilizozijua jiwe kwa jiwe. Arobaini. Hamsini. Sitini, pale kompyuta iliposema atakuwa angani, na vumbi bado lilikuwa likiruka chini ya magurudumu. Sabini. Yaliacha ardhi kwenye ya sabini na nne, nilipafuata baadaye nikapaona, alama imekatika pale pale. Kisha ndege ikapita ukingoni, ikazama kidogo, ikapanda.

Kama kiwanja kingeishia kwenye sitini, angekuwa korongoni. Baba alikuwa amepima themanini, kwa miguu, bila kioo cha kumwambia.

Tulishuka kwa kamba. Delmar aliendesha pikapu, mimi nikashika mtaimbo mapajani. Saa nne za barabara yangu mwenyewe, na yeye, ambaye hajawahi kunyamaza dakika nne, hakusimulia kitu. Tulipofika njia panda ya jaani nikamwambia asimame.

Nikaitoa fomu, nikaiweka juu ya boneti ya moto. Palipoandikwa jina linalotumiwa na wenyeji, nikaandika: Kiwanja cha Rulon. Palipoandikwa asili ya jina, nikaandika: Rulon Tolley alikisafisha kwa mikono yake, Julai 1957, siku tisa. Nikatia sahihi, nikamsogezea kalamu.

"Wanataka wenyeji wawili," nikasema.

Akasoma. "Hakuna anayepaita hivyo, Nedra."

"Mimi napaita. Ukitia sahihi tutakuwa wawili."

"Kutua alikosea. Hilo nalo andika."

"Alikosea. Alitua kwenye meza isiyo yake, na mimi sikatai. Lakini hakukaa juu ya jiwe akilia."

Delmar alikuwa akiichezea ile kalamu. "Kulia alilia," akasema.

"Nani alimwona?"

"Baba. Alilia walipomshusha. Si kabla. Walimkuta na mtaimbo, shati limechanika, akawaambia bado siku mbili. Siku mbili tu, aruke mwenyewe. Akapiga magoti, Nedra. Wao walikuwa wamechoka, wanataka kurudi makwao, wakamfunga kamba. Hapo ndipo alipolia. Baba aliniambia alipokuwa mgonjwa, karibu na kufa. Hakuwa akicheka."

Lori la mtu lilipita likapiga honi. Sikugeuka kuona ni nani.

"Mwaka gani huo?"

"Tisini na moja."

"Kwa hiyo kwenye msiba wa baba ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ukasimama na sahani yako."

"Nilisimama." Uso ulikuwa umemwiva. "Nilitazama mlikokaa. Nikasema moyoni, akinikataza huyu, nitanyamaza leo na siku zote. Wewe ndiye binti yake. Wewe ukacheka kwanza. Na kabla ya hapo ukaja hapa na zege lako ukasimika hiki." Akakionesha kibao kwa kidevu. "Ningekwambia nini?"

Nilikuwa na matusi ya kutosha kwa ajili ya Delmar, nimeyaweka tangu utotoni, ya kila ukubwa. Nilitafuta moja, na kila nililoliokota lilikuwa na jina langu.

Alitia sahihi. Aliandika taratibu, jina kamili, kama mtu anayeandika mtihani. Mimi nikachukua mtaimbo nikaenda kwenye kibao.

Nilikuwa nimekisimika vizuri. Kazi yangu ni nzuri siku zote. Zege lilikwenda chini hadi usawa wa goti. Ilinichukua mpaka jioni kulivunja, na Delmar alikaa ndani ya pikapu bila kucheka na bila kusaidia, kwa sababu nilimkataza vyote viwili. Kilipotoka nilikitupa nyuma, tukaondoka kukipeleka jaani.

Kutoka pale hadi jaani ni maili moja na nusu. Baadhi ya Jumamosi za miaka ile sita, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando ya baba kwenye gari, takataka zikiwa nyuma. Njia nzima nilijaribu kukumbuka kama tukipita pale alikuwa akikitazama kile kibao au akigeuza uso. Sikukumbuka. Sikuwahi kumwangalia.